Siku Nilipozima Redio za Ploti Nzima

Jumapili, mwezi wa saba, mchana.

Baridi imeingia kwa mifupa na haina haraka ya kutoka. Jua sijaliona tangu Alhamisi. Matope ya njia yetu hapa Kibera yamefika mlangoni, nami nimejifunika leso mbili na sweta ya marehemu mume wangu, nimekaa kitandani na simu mkononi.

Wanaonifuata kila wiki wananijua. Kwa aliyeingia leo: mimi ni mama wa miaka sabini na kitu, nakaanga samaki kule Makina, chini kidogo ya msikiti. Shule sikuiona hata kwa dirisha. Naongea, simu inaandika, halafu inanisomea kwa sauti ya mwanamke anayeongea polepole kama aliyeshiba. Neno likikaa vibaya, mlaumu yeye.

Kwa kawaida nawaambia habari za samaki na za magoti yangu. Leo sijui nianzie wapi.

Nianze na redio.

Ploti yetu ina vyumba kumi vya mabati. Kati yangu na jirani kuna bati moja tu na magazeti ya zamani niliyobandika kuzuia upepo. Jirani akikohoa, namwambia pole bila kuinuka. Ukiishi hivyo lazima kuwe na adabu, la sivyo mtauana. Na adabu mojawapo ni hii: ukisikia mume wa mtu ameanza kumpiga mke wake, unafungulia redio. Unapandisha sauti mpaka mwisho. Jirani wa pili akisikia yako, naye anafungulia yake. Asubuhi yule mwanamke akija mferejini na ndoo yake, hukusikia kitu. Mnaongea habari ya maji. Anaweza kukuangalia usoni.

Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa bibi arusi mpya, nimetoka ziwani na sanduku moja, sijui hata choo kiko wapi. Niliambiwa huko ndiko kumstiri mwenzako. Na mimi pia nilistiriwa. Marehemu hakuwa malaika. Mungu amlaze mahali pema, lakini kufa hakumfanyi mtu awe hakupiga. Miaka hiyo jirani yangu alikuwa na redio kubwa ya mbao, na nikiwa pale chini nikisikia inapanda, nilijiambia namshukuru.

Nilijiambia. Leo nimekaa hapa najiuliza kama kweli nilimshukuru.

Nyuma ya ukuta wangu wa kushoto anaishi Nekesa, msichana wa miaka ishirini na mitatu, anauza mitumba ya watoto. Mume wake ni mkimya mbele ya watu. Mwaka huu nimemfungulia Nekesa redio mara nyingi mpaka betri nanunua mbilimbili. Asubuhi namwachia kichwa cha samaki kwenye sahani, nimekifunika vizuri. Hajawahi kuniuliza ni cha nini. Sijawahi kumwambia.

Nilidhani nampenda.

Sasa, jana.

Binti yangu Caro anaishi Kawangware na mume wake Ouma na mtoto wao Mercy, wa miaka mitano. Ouma ni kijana wa kwetu, anaendesha lori la mchanga. Mimi mwenyewe nilimkubali kabla hata Caro hajamaliza kumpenda. Ananisalimia ameinamisha kichwa, haniangalii machoni, kama inavyotakiwa. Kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe wana heshima kubwa. Hamkai pamoja ovyo, hamli pamoja ovyo, na mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake mpaka shughuli za ukoo zifanywe, watu waitwe, waende na waje. Zetu hazijafanywa. Wengi hapa mjini wameyaacha hayo. Mimi sikuyaacha. Nikienda kumwona Caro nakaa nje kwenye kiti cha plastiki, karibu na beseni za kufulia, na chai inaletwa huko. Miaka sita nimeongea na binti yangu nikiangalia mlango wake. Sikujua pazia lake ni la rangi gani.

Alhamisi Caro alinipigia simu. Kanisa lililo karibu nao limeita kina mama kwa mafunzo ya Jumamosi, habari ya ukatili dhidi ya wanawake duniani. Akaniambia, njoo mama, kuna pilau. Sauti yake ilikuwa ya kunibembeleza, kama mtoto anayetaka upite naye mahali fulani. Nilidhani ananiita kwa pilau.

Nikawaachia wenzangu samaki, nikavaa viatu vya kufunga, nikatembea hadi Kawangware polepole na magoti yangu. Nilipofika ukumbini Caro hakuwepo. Simu ikaniambia ameandika: Ouma amerudi mapema, anampikia, atakuja. Nikakaa karibu na mtu ninayemjua, Mama Shiko, jirani yake wa ploti, mama wa mboga mwenye roho safi. Kila nikienda kule humpelekea samaki mmoja.

Mwalimu alikuwa msichana mwenye miwani na nywele fupi. Alitundika kitambaa cheupe ukutani, akawasha mashine, wakatokea wanawake wa nchi mbalimbali wanaongea, wakubwa kama mlango, na yeye akawa anatuambia kwa Kiswahili wanachosema.

Niseme ukweli, nilienda nikijua haya ni mambo yetu sisi maskini. Ya pombe ya chang'aa na chumba kimoja. Halafu akatokea Mwingereza, mama wa rika langu, ana kikoi cha shingo na nyumba ya mawe nyuma yake, na maua, na paka. Alipigwa na mume wake miaka ishirini ndani ya nyumba ile ile. Mume alikuwa na kazi ya tai. Nikamwangalia Mama Shiko, naye ananiangalia. Nilijua wazungu wanaachana. Sikujua wanapigwa.

Mwingine wa India. Mwingine wa Brazil, kijana, anaongea akicheka, na kicheko chenyewe kinaumiza kuangalia. Mwingine wa Poland, nchi ambayo ndiyo mara ya kwanza naisikia, akasema kule kwao kuna theluji na kuna msemo wa kusema mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Ukumbi ukaguna. Kila mtu alikuwa amewahi kuambiwa hivyo, na alikumbuka ni nani na siku gani.

Lakini kilichonikaza roho si kupigwa. Kupigwa nakujua. Ni mwalimu alipotuambia waliulizwa swali moja wote: majirani wako walifanya nini?

Yule wa Brazil akasema jirani aliongeza muziki. Yule wa India, jirani wa juu alikuwa anawasha mashine ya kusaga viungo, hata kama hana kitu cha kusaga. Wa Poland walivuta pazia. Na yule mama Mwingereza mwenye maua akasema jirani yake, mzee mwema sana, kanisani wanakaa benchi moja, alikuwa anatoka nje kukata nyasi. Kila mara. Mashine inanguruma. Akasema, bustani yake ilikuwa nzuri kuliko zote mtaani.

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Msichana akazima mashine, uso wa yule mama ukabaki ukutani, akatuuliza: na hapa kwetu, majirani hufanya nini?

Wanawake wote wanaangalia mapaja yao.

Nikasimama mimi. Na nilisimama kwa kujigamba, sitadanganya. Nikasema sisi hatumwachi mwenzetu aaibike, sisi hufungulia redio, nami nimefungulia watu miaka arobaini na zaidi na hakuna aliyewahi kuchekwa mferejini kwa ajili yangu. Wengine wakaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mama mmoja nyuma akapiga makofi kidogo.

Msichana hakupiga. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Shosho, na yule aliye chini akisikia redio imepanda, anajua nini?"

Nikamjibu, "Anajua tunamheshimu."

Nikakaa. Jibu lenyewe halikukaa. Lilibaki hewani pale juu ya vichwa vya watu, na mimi nalitazama.

Mama Shiko akanishika mkono. Aliona nimetikisika, akataka kunipa moyo. Akaniinamia sikioni akasema, "Usijali, Mama Caro. Hata sisi hatujamtupa mtoto wako. Caro wetu huwa tunamfungulia ploti nzima."

Alisema kama mtu anayeniambia walimchangia arusi.

Pilau ilikuwa imeshaanza kunukia kutoka nyuma. Nikamuuliza, tangu lini. Akafikiria, akasema tangu Mercy aanze kutembea. Halafu akaona uso wangu, akaelewa kwamba sikuwa najua, akaweka mkono mdomoni.

Hapa nitaungama jambo, na wewe unayesoma unihukumu ukitaka. Pasaka mwaka huu Caro alikuja kwangu Kibera na mfuko na mtoto. Hakusema kitu. Mimi sikuuliza kitu. Kwetu mwanamke akija na mfuko haulizwi, analishwa. Nikamkaangia samaki mzima, ngege, nikampikia na mboga, akala, akalala, asubuhi nikambebea mfuko mwenyewe hadi barabarani nikamwambia asalimie Ouma. Alisimama pale kidogo akiangalia mfuko mkononi mwangu. Nilidhani ananionea huruma kwa uzito wake.

Niliona. Nilijua. Nilifungulia redio bila redio.

Nikainuka ukumbini. Mama Shiko akanifuata na sahani ya pilau aliyofunika na nyingine, sijui alidhani tunaenda wapi. Si mbali, ni nyuma ya kanisa, unapita kinyozi na duka la makaa unafika kwenye geti la ploti yao.

Nilizisikia kabla ya kufika kwenye geti. Redio tatu. Moja nyimbo za kanisa, moja mpira, moja mtu anatangaza mbolea. Zote juu kabisa, zinagongana. Mchana mweupe, saa nane haijafika.

Na watoto wa ploti wako kwenye korido wanacheza. Kwao redio zikipanda ni ngoma, hawajui nyingine. Wanaruka kwenye maji ya sabuni, wanazungusha viuno. Katikati yao Mercy, mjukuu wangu, mikono juu, anacheza kuwashinda wote.

Nitakufa nikiwa naiona hiyo.

Mama Shiko akanishika kiwiko. "Tungoje hapa kidogo, Mama Caro. Wimbo mmoja tu. Huwa haichukui muda."

Hakuwa mbaya alipokuwa akisema hivyo. Ndilo linalonishtua. Sauti yake ilikuwa yangu. Ningesema hayohayo, kwa maneno hayohayo, kwa mama wa Nekesa.

Kwenye mlango wa kwanza alikuwepo kijana anasugua viatu vyake vya raba, redio iko dirishani. Nikanyoosha mkono nikaizima. Akainua uso, hana ubaya hata kidogo.

"Wacha hiyo, shosho. Hiyo iko job."

"Najua kazi yake," nikamwambia. "Mimi ndiye mamake."

Aliacha kusugua. Kiatu kikabaki mkononi.

Mlango wa pili ulikuwa wazi, mwanamke anasonga ugali ananiangalia. Nikaingia nikachomoa waya ukutani. Aliendelea kushika mwiko. Ya tatu ilikuwa ndani ya nyumba yenye kufuli. Nikauliza hii ni ya nani, na Mama Shiko akainamisha kichwa. Ilikuwa yake. Alikuwa ameiwasha kabla ya kuja mafunzoni, akafunga mlango akaiacha ikiimba, kwa sababu Jumamosi Ouma hurudi mapema.

Alikuwa amempangia mwanangu stara mapema, kama mtu anayemwachia mwenzake chakula kwenye sufuria.

Akaweka sahani chini, akatafuta funguo kifuani. Akafungua. Akaizima.

Watoto wakaacha kucheza.

Ndipo sote tukasikia. Ploti nzima, kijana na kiatu chake, yule wa ugali, watoto. Haikuwa kelele. Caro hakuwa analia. Alikuwa anasema pole, pole, pole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa. Na katikati ya kila pole, sauti kama ya mtu anayekung'uta godoro.

Halafu na hiyo ikakoma. Kimya kilikuwa kimemfikia Ouma huko ndani. Nadhani hakuwahi kukisikia.

Nikasimama mbele ya ule mlango niliouangalia miaka sita. Nikasema kwa nguvu, "Ouma, mimi mama mkwe wako naingia."

Sauti yake ikatoka, imetulia kabisa. "Mama, usiingie. Unajua si sawa."

Nikaingia.

Pazia ni la buluu, lina maua meupe. Caro alikuwa chini, kati ya kitanda na jiko, mkono mmoja umeshikilia mwingine. Sitaeleza zaidi, ni mwanangu. Lakini Ouma nitamweleza. Alipoona nimevuka, aligeuka akaangalia ukuta. Akainamisha kichwa. Akafunika uso wake na ule mkono uliokuwa unapiga, kwa sababu mwanamume wa kwetu hamwangalii mama mkwe wake ndani ya nyumba. Heshima yake kwangu ilikuwa kamili. Hakukosea hata hatua moja.

Nilishangaa mpaka nikakosa matusi. Mimi, nikakosa matusi.

Na Caro ananiangalia kutoka chini, jicho moja linafungika, akaniambia, "Mama, umeingia ndani." Kama hilo ndilo baya lililotokea siku hiyo.

Nikamwambia achukue kitambulisho, achukue kadi ya kliniki ya mtoto, na sweta. Vingine vitanunuliwa. Ouma alibaki na ukuta wake. Tulipotoka, watu walikuwa wamejipanga koridoni pande zote mbili, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kuweka macho. Kijana wa viatu akabeba mfuko mpaka kwenye geti bila kuombwa. Mama Shiko alikuwa analia na sahani yake bado iko chini, imefunikwa. Mercy akamuuliza mbona wamezima.



Tulienda hospitali kwanza, mkono ukafungwa plasta. Halafu kituo cha polisi, tukakaa sana kwenye benchi, tukaandikisha. Walitupa karatasi. Siwezi kuisoma, nimeiweka ndani ya Biblia ambayo pia siwezi kuisoma.

Leo asubuhi, Mercy akiwa bado amelala, nikamuuliza Caro lile swali la msichana wa miwani. Nikamuuliza bila kuzunguka, kwa sababu nimezunguka vya kutosha. Redio ikipanda, ulikuwa unajua nini?

Alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Nilikuwa najua wote wako nyumbani, mama. Na najua hakuna anayekuja. Ikipanda hivyo, hata mimi naacha kuita."

Halafu akasema, "Na yeye alikuwa anaisikia."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Miaka arobaini na kitu, sikuwahi kufikiria kwamba mwanamume naye anasikia redio, na yeye anaelewa maana yake. Kwamba mimi, na betri zangu mbilimbili, nilikuwa namwambia endelea baba, tumekupa nafasi.

Nikamuuliza kwa nini aliniita kwenye mafunzo. Akasema alitaka nisikie kwa mtu mwingine. Pasaka alijaribu kunionyesha nikampa samaki.

Akacheka alipokuwa akisema. Kidogo tu. Mimi sikucheka, lakini nilimshika kichwa nikakiweka hapa kifuani kama zamani, na alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka.

Ouma amepiga simu. Niliishika mimi. Alisema shetani alimpitia, na kwamba anakuja Jumatano na mjomba wake na mzee mwingine waongee, wamrudishe mke wake. Na kwamba mimi kuingia ndani ile siku ni jambo zito, linahitaji wazee walisafishe. Nikamwambia waje. Nikamwambia na hilo la mimi kuingia walilete, tutalisafisha pamoja na lake.

Caro anasema hataki kurudi. Amesema hivyo mara mbili leo. Nimewahi kuona wanawake waliosema mara mbili na bado wakarudi, nami ndiye niliyewabebea mfuko. Kwa hiyo Jumatano sitawakaribisha chumbani. Nitawaweka hapa nje koridoni, kwenye mabenchi, mchana, milango kumi ya ploti iwe wazi, na kila mwanamke akae kwenye mlango wake achambue mboga yake ya sukuma na asikilize. Caro aongee kwanza, mjomba aongee mwisho. Sijawahi kuona wazee wanasuluhisha hivyo. Wataona mara ya kwanza.

Nimebakiza jambo moja, nalo linanitisha kuliko wazee.

Baada ya kanisa, Nekesa amebisha. Amevaa leso kichwani mpaka hapa kwa jicho. Hakuingia. Ameniuliza, akiangalia miguu yangu, akiniita nyanya kwa lugha ya kwetu, "Dani, redio yako imeharibika?"

Kwa sababu jana jioni, nilipokuwa ninamwosha Caro uso, kule upande wa pili wa bati kulianza. Caro aliniangalia. Mercy aliangalia redio, iko pale juu ya kabati, akangoja. Nami nikakaa kama jiwe. Sikuifungulia, ndiyo. Lakini sikuinuka pia. Nilivuka mlango wa mkwe wangu mchana, na jioni nikashindwa kuvuka korido ya hatua nne.

Nilikuwa nimechoka. Magoti. Naweza kuwapa sababu mpaka simu iishe chaji. Nekesa alipigwa jana ndani ya kimya changu, na hicho hakina tofauti kubwa na wimbo.

Nimemwambia redio haijaharibika. Nimemwambia nimetoa betri, na kwamba jana nilikosa, na kwamba kuanzia leo nikisikia nitakuja. Nitakuja na sufuria ya kugonga, na Caro na mkono wake wa plasta, na ploti nzima nitaiita kwa majina. Hakusema asante. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo simu hii isingeishika hata ningeiweka karibu, kama nitafika haraka, na magoti yangu.

Akaenda zake.

Sasa nimemwamsha Caro tusukume kitanda. Kwa mkono mmoja na magoti mawili mabovu imetuchukua muda, na Mercy anatusaidia kwa kutuzuia. Tumekitoa ukuta wa kulia tukakiweka ukuta wa kushoto, kichwa changu kwenye bati la Nekesa. Magazeti nimeyabandua. Upepo unaingia, uingie.

Viatu nimeviweka hapa chini, vimeangalia mlangoni.